Kamera ya Simu Yako Ina Dirisha Bora Kuliko Chumba Chako

Haya wadau, leo sina kichekesho. Mliokuja kucheka mnisamehe, rudini kesho. Leo nataka tuongee kuhusu joto, na kuhusu kitu kimoja ambacho sisi wa Kisumu Ndogo tunauziwa kila msimu wa kaskazi ukiingia na mimi nakiona ni hasara tupu. Tunauziwa giza.

Lakini kwanza shika simu yako, igeuze uitazame kamera. Humo ndani, kati ya lenzi na sensa, kuna kijioo chembamba, kidogo kuliko ukucha wa kidole. Kazi yake ni moja tu: kinaacha mwanga tunaouona upite, na kinazuia miale ya infraredi. Sensa ya kamera ni ya silikoni, na silikoni inaona mpaka ng'ambo ya rangi nyekundu, kule ambako jicho la binadamu limeshasalimu amri. Kijioo kile kikiondolewa, picha zinakuwa vituko. Majani ya mwembe yanatoka meupe-meupe kama yamemwagiwa unga, na buibui jeusi la shangazi yako linaweza kutoka la zambarau. Ndo maana kinawekwa, hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa, ili selfi yako itoke na rangi zake za halali.

Sasa swali langu ni hili. Kama kitu cha kupitisha mwanga na kuzuia infraredi kinatengenezwa kwa mamilioni mpaka kinaingia kwenye simu ya kila mtu, kwa nini kwenye nyumba zetu bado tunaambiwa tuchague moja? Ama mwanga na joto lake, ama ubaridi na giza lake. Na ukichunguza vizuri utaona hata huo ubaridi hupewi.

Kisumu Ndogo ziko kadhaa hapa Pwani, mimi nazungumzia ya Malindi. Kwa asiyepajua: nyingi ni ploti za vyumba vya kupanga, kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani, na juu mabati bila silingi. Ukifunga mlango saa sita mchana unaona giza kama la magharibi. Ukiufungua, barabara yote inaona sufuria zako. Kwa hiyo watu wana njia mbili za kutafuta mwanga. Ya kwanza ni kumwomba mwenye ploti atoe bati moja aweke lile la plastiki linalopitisha mwanga. Ya pili ni kuwasha stima mchana kweupe. Nimeona mtoto anafanya kazi ya shule saa tisa alasiri, jua linawaka nje hadi mchanga unaunguza nyayo, na yeye yuko chini ya balbu, na feni inazunguka kusukuma joto lile lile kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Tokeni inaliwa na vyote viwili.

Halafu ndo ikaja tinti. Ilianza kwa magari na tuktuk, ikahamia kwenye saluni na maduka ya M-Pesa, sasa iko mpaka kwenye madirisha ya vyumba. Kuna mama mmoja ana saluni, mlango na kioo vyake vinatazama magharibi. Alasiri pale ndani hapakaliki. Akaja fundi na roli zake, akamwambia, "Mama, chukua hii nyeusi kabisa. Nyeusi zaidi ndo inakata jua zaidi." Mama akatoa pesa. Wiki iliyofuata nikapita kumsalimu nikakuta balbu mbili zinawaka saa kumi alasiri. Nikamuuliza, "Mama, joto limepungua?" Akanijibu, "Mwanangu, joto ni ndugu yake yule yule. Tofauti ni kwamba sasa hata njia ya kichwani siioni." Mnaosuka mnajua, usipoiona njia vizuri mistari inakwenda upogo na mteja harudi.

Yule fundi simwiti mwizi. Anauza alichouziwa, na maneno aliyoambiwa ndo hayo hayo. Tatizo ni kwamba sote tumekubali bila kuuliza kwamba giza na ubaridi ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1800 William Herschel, mtazama nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa prizimu, rangi zikatandazika kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kwenye rangi moja moja aone ipi ina joto zaidi. Kisha akakiweka kimoja nje ya nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni rangi yoyote. Kile cha gizani ndicho kilichopanda kuliko vyote. Yaani kuna jua ambalo halionekani, na linaunguza. Hilo ndilo tunaloliita infraredi.

Kwa hesabu za leo, takriban nusu ya nishati ya jua inayotufikia hapa chini ni infraredi. Mwanga tunaouona ni asilimia arobaini na kitu, na kipande kidogo kilichobaki ni zile za urujuanimno zinazopausha mapazia na kubabua ngozi. Ukiielewa hesabu hii umeelewa habari yote. Kwenye kila jua linaloingia dirishani mwako, karibu nusu yake halikusaidii kuona hata kidogo. Halikuonyeshi uzi wala sindano. Linakuja kupasha tu.

Sasa tazama tinti nyeusi ya bei rahisi inafanya nini. Ile ni plastiki iliyotiwa rangi. Rangi inakula mwanga unaoonekana, ndo maana unaiona nyeusi. Infraredi kwa sehemu kubwa inapita zake, haina habari na rangi hiyo. Na ule mwanga ulioliwa haukupotea, umegeuka joto kwenye kioo chenyewe. Kiguse saa kumi utajua. Kioo kikipata moto kinalitoa lile joto pande zote mbili, nje kidogo, ndani kidogo. Sisemi haipunguzi chochote, inapunguza kiasi, tusidanganyane. Lakini inapunguza kile ulichokihitaji, na inakuachia kile ulichotaka kukifukuza. Ni kama kuweka bawabu mlangoni akawazuia wageni na kuwapisha wezi.

Kuna jaribio halina gharama. Rimoti ya televisheni inaongea kwa infraredi, kwa kawaida karibu nanomita 940, na jua nalo linatoa miale ya urefu huo huo. Chukua kipande cha tinti, funika mdomo wa rimoti, simama mbali, bonyeza. Mimi nimefanya na vipande vitatu vya tinti nyeusi tii, zile ukijifunika usoni huoni mtu, na televisheni ikabadilisha chaneli bila hata kusita. Miale ile ilipita kama hakuna kitu. Filamu iliyotengenezwa kuzuia infraredi inakulazimisha usogee karibu, au rimoti inagoma kabisa. Jaribio hili linapima urefu mmoja tu wa mawimbi, si jua zima, kwa hiyo usilifanye mahakama kuu. Lakini linatosha kumuumbua anayekwambia nyeusi inazuia kila kitu.

Hapa niingize moja kwa vijana wa jua kali, wale wanaochomelea mageti na miwani ya jua ya kununua barabarani. Ndugu zangu, ni udanganyifu ule ule, ila huu ni wa macho. Miwani nyeusi inapunguza mwanga, mboni inafunguka zaidi, na miwani yenyewe haikuundwa kuzuia infraredi wala miale mingine ya moto ule. Uingereza wafanyakazi wa viwanda vya vioo, waliokaa miaka wakitazama tanuru, walikuwa wakipata mtoto wa jicho kiasi kwamba ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kazi yao. Mwanasayansi William Crookes alijaribu mamia ya michanganyiko ya vioo akitafuta kitakachozuia joto na urujuanimno huku mtu akiendelea kuona kazi yake, akachapisha matokeo mwaka 1914. Mwaka 1914! Sisi tuko hapa tunachomelea na miwani ya harusi. Nunueni kioo chenyewe cha kuchomelea. Haya, turudi dirishani.

Je, kuna kitu kinachopitisha mwanga na kuzuia infraredi kwenye dirisha la nyumba? Kipo, na siri yake ni madini. Ukipaka kioo fedha, fedha hii ya pete na bangili, kwa utando mwembamba wa nanomita kumi hivi, mwanga unaoonekana unapita sehemu kubwa na infraredi inarudishwa ilikotoka. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara elfu kadhaa kuliko utando huo. Kofia za wanaanga waliokwenda mwezini zilikuwa na ngao ya uso iliyopakwa dhahabu kwa sababu hiyo hiyo: dhahabu nyembamba sana unaona kupitia kwake, lakini joto la jua inalirudisha.

Na sisi mambo ya anga si wageni nayo, jamani. Hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka kwenye majukwaa ya baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei angani. Ilipewa jina hilo kwa sababu ilirushwa siku yetu ya uhuru. Huwa nalifikiria hili nikipita na boda saa saba mchana, mabati yote yanameremeta. Kutoka pwani hii hii mtu ametuma chombo angani kikachunguze miale isiyoonekana kutoka kwenye nyota, na hapa chini miale isiyoonekana ya nyota moja, jua, imetushinda chumbani.

Vioo vya utando wa fedha viko kwenye maghorofa mengi ya kisasa. Ndugu zetu walioko Dubai na Doha wanaoning'inia na kamba kuvisafisha wanavijua kwa mikono. Kwa dirisha ambalo tayari lipo kuna filamu za kubandika, nyingine za madini, nyingine za seramiki, na zinapitisha hata asilimia 70 ya mwanga. Ukiibandika mtu anaweza asijue kama umebandika kitu. Na hapo ndo penye shida ya biashara: mteja wetu anataka kuona pesa yake imekwenda wapi, na filamu isiyoonekana inaonekana kama utapeli. Ile nyeusi inayomnyima mwanga ndo anaiona ya maana.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "nyeusi ipi kali." Uliza namba. Ya kwanza, mwanga unaoonekana unaopita ni asilimia ngapi? Hiyo unataka iwe kubwa. Ya pili, nishati yote ya jua inayozuiwa ni asilimia ngapi? Hiyo pia unataka iwe kubwa. Muuzaji akikurushia namba ya tatu, kwamba "hii inazuia infraredi asilimia 97," muulize ya kutoka wapi mpaka wapi. Infraredi ya jua inaanza karibu nanomita 780 na kwenda mpaka 2,500 hivi. Wengine wanapima kipande kidogo tu, 900 mpaka 1,000, pale filamu yao inapong'ara, kisha wanakutangazia kama ndo jua lote. Ni kama mwanafunzi anayekuonyesha matokeo ya somo moja alilopita.

Pia msije mkaniambia niliwaahidi baraza la barafu. Hata kioo kamilifu, kinachopitisha mwanga wote na kuzuia infraredi yote, kitaingiza karibu nusu ya nishati ya jua, kwa sababu mwanga wenyewe ni nishati. Ukigonga sakafu, ukuta na kitanda unageuka joto. Kwa hiyo hatua ya kwanza si filamu hata kidogo. Ni kuangalia shimo lako la mwanga ni kubwa kiasi gani na liko wapi.

Tupande juu ya paa. Malindi iko nyuzi tatu na ushee kusini ya ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Adhuhuri paa ndo linalopigwa, dirisha lako dogo linaloangalia ukuta wala halijui. Sasa lile bati la plastiki la kupitisha mwanga, tuseme lina ukubwa wa mita moja na nusu ya mraba. Jua la adhuhuri hapa linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Plastiki inapitisha sehemu kubwa ya hizo, mwanga na infraredi bila kubagua. Zinaingia chumbani wati elfu moja na zaidi. Pasi ya umeme ni wati elfu moja. Yaani mwenye ploti amekutundikia pasi iliyowashwa juu ya kitanda, na wewe umemshukuru kwa mwanga.

Na plastiki hiyo ikishaingiza jua, joto linalotoka kwenye sakafu na vitu vya ndani nalo ni infraredi, ila ya mawimbi marefu zaidi, na hiyo plastiki haiipitishi kirahisi. Inaingia kama mgeni, inakaa kama mpangaji asiyelipa.

Chumba cha kumi kwa kumi hakihitaji bati zima. Kinahitaji mwanga wa balbu moja nzuri. Na hapa namleta Alfredo Moser, makenika wa mji wa Uberaba kule Brazil. Mwaka 2002, wakati umeme unakatika ovyo kwao, alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akaijaza maji, akatia kifuniko kidogo cha klorini maji yasiote ukijani, akatoboa paa akaichomeka, nusu nje nusu ndani. Maji yanalipinda jua na kulitawanya chumba kizima. Baadaye watu wa Ufilipino wakalichukua wazo wakalisambaza, likafika nchi nyingi.

Wengi wakiona chupa ile wanasema "taa ya maskini," wanapita. Mimi naona kitu kingine: chupa ile ni kichujio cha infraredi. Maji safi yanapitisha mwanga unaoonekana karibu wote, lakini infraredi yanaimeza, hasa ile iliyo ng'ambo ya nanomita 1,100, ambayo haifiki chini ya safu ya maji ya sentimita 30. Kama umewahi kuzama pale kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, unalijua hili kwa mwili wako. Juu maji ni vuguvugu, ukishuka kidogo ukali wa jua umekatika mgongoni, lakini matumbawe unayaona na samaki unawahesabu rangi. Bahari imekunyang'anya joto ikakuachia mwanga.

Fanya hesabu ya chupa. Kipenyo chake ni sentimita 10 hivi. Adhuhuri inapokea jua la wati nane tu, na inatoa mwanga unaokaribia balbu ya zamani ya wati 60. Balbu ile ya waya nayo ni jiko: sehemu kubwa kabisa ya umeme wake inatoka kama infraredi, mwanga ni chenji. Kwa hiyo wati nane, zikiwa zimechujwa na maji, dhidi ya elfu moja za plastiki. Kama mwenye ploti ana akili ya biashara, chupa mbili kwa kila chumba ni rahisi kuliko bati moja la plastiki, na mpangaji hahami Februari.

Najua mtakachosema kwenye maoni. Itavuja masika. Itavuja ikiwekwa na fundi wa haraka haraka, ndiyo. Shimo likatwe dogo kuliko chupa na kingo zake zikunjwe kwenda juu, kipande cha bati kivae chupa kama kola, gundi ya silikoni ipakwe juu na chini, na kila baada ya miaka michache chupa ibadilishwe kwa sababu jua linaila plastiki. Na kwa hewa yetu ya chumvi, kila palipokatwa bati papakwe rangi, la sivyo kutu itaanzia pale pale. Usiku haiwaki, hilo nalo kweli. Usiku washa balbu. Mimi nazungumzia saa tisa alasiri.

Paa lenyewe silipiti. Bati lililoota kutu mchana hupita nyuzi 60, na linakumwagia infraredi kichwani mchana kutwa bila kukupa mwanga hata wa kutungia shanga. Hapo hakuna cha kuchuja, ni kuziba. Rangi nyeupe juu, silingi chini, hata ya bei rahisi. Wazee wetu walipaka kuta chokaa, na chokaa inarudisha mwanga na infraredi ya jua vilevile. Makuti nayo yanazuia joto vizuri sana, lakini kwa ploti zilivyobanana hapa kwetu, moto mmoja wa makuti utatumaliza mtaa mzima. Makuti tuwaachie wenye mahoteli na bustani zao.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua kuna wafanyabiashara marafiki watanuna. Tinti nyeusi iuzwe kwa anayetaka faragha. Anayetaka asionekane akila, haki yake. Lakini isiuzwe kwa jina la ubaridi bila namba zile mbili kuandikwa kwenye roli, kwa maandishi ambayo yule mama wa saluni anaweza kuyasoma kabla hajatoa pesa. KEBS wana nembo ya ubora kwenye maziwa na kwenye saruji, sioni kwa nini kitu kinachobandikwa kwenye kioo cha darasa kiwe hadithi ya mdomo tu. Na darasa nalitaja makusudi. Kuna shule nimeingia, madirisha ya upande wa magharibi yamepakwa rangi ya mafuta ili watoto wasichomwe na jua. Mkuu wa shule alikuwa anatafuta suluhisho na hakuwa na pesa, simlaumu. Lakini wale watoto wanasoma ubaoni kwa kukunja macho, kwenye mojawapo ya pwani zenye jua jingi duniani.

Sasa kazi. Nataka tufanye jaribio la rimoti mtaa kwa mtaa, Kisumu Ndogo, Maweni, Muyeye, hata Mambrui. Ombeni vipande vya majaribio kwa mafundi, vile vinavyobaki wakikata, hawalipishi. Rekodini video mnitumie, msitaje duka. Kipande kiwe kikubwa cha kuufunika mdomo wa rimoti pande zote, mkikibana kwa vidole, na betri ziwe mpya. Anzeni hatua mbili kutoka kwenye televisheni, kisha rudini nyuma hatua moja moja mpaka igome, mhesabu. Na msisimame karibu na ukuta mweupe, maanake miale itadunda ukutani ije iingie kwa upande, mniletee majibu ya uongo.